Dagaa Ambao Hawakuanikwa

Likizo ya Juni ilipoanza, Paskazia hakupata nafasi ya kulala hadi jua liwe juu. Kila asubuhi alifagia uwanja, akanywa uji, kisha akachukua daftari lake na kuteremka mwaloni Igombe, ufukweni mwa ziwa ambako wavuvi hushusha dagaa. Alipofika, akina mama walikuwa wameanza kutandaza dagaa wabichi juu ya vichanja.

"Shikamoo, mama Rebeka."

"Marahaba, mwanangu. Haya, andika. Leo tumeanika saa mbili na robo."

Paskazia aliandika. Aliandika pia hali ya jua na upepo. Mchana alirudi, akachukua dagaa mmoja na kumvunja kwa vidole. Akikatika kwa mlio, amekauka; akipinda, bado. Ndipo alipoandika saa ya kukauka.

Kazi hiyo alipewa na dada yake, Dorcas, ambaye alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja huko Nyamagana. Dorcas alitaka kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam. Masharti ya kujiunga aliyaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: shahada ya kwanza yenye ufaulu mzuri, barua za watu wawili wanaomfahamu kitaaluma, andiko fupi la utafiti, na programu aliyoitengeneza mwenyewe kwa kutumia taarifa halisi. Baada ya hapo ungekuja usaili.

"Shahada ninayo," Dorcas alimwambia mdogo wake. "Barua moja nimepewa na mwalimu wangu wa chuo, nyingine na mkuu wangu wa kazi. Programu yangu itawasaidia akina mama kujua mapema kama dagaa watakauka siku hiyo hiyo. Lakini mchana mimi niko kazini. Nahitaji taarifa za siku ishirini. Utaweza?"

"Nitaweza," alijibu Paskazia, na kweli alijiamini.

Kwa siku kumi na mbili hakukosa hata mara moja. Siku ya kumi na tatu, ambayo ilikuwa Ijumaa, rafiki yake Precious alimsubiri njiani akiwa na mpira wa soksi mkononi.

"Leo na kesho tunacheza rede na wasichana wa mtaa wa juu," alisema. "Tumepungukiwa na mtu mmoja. Usipokuja tunafungwa."

"Na daftari la dada?"

"Kwani dagaa hawaanikwi kila siku? Andika kama jana. Nani atajua?"

Paskazia alienda kucheza. Walishinda siku zote mbili, naye alisifiwa sana kwa wepesi wake wa kukwepa mpira. Jioni ya Ijumaa aliandika: "Saa mbili na dakika ishirini. Jua kali. Wamekauka saa nane na nusu." Jumamosi aliandika karibu hayo hayo, ila alibadilisha dakika kidogo ili yafanane na ya kweli. Jumapili alirudi mwaloni na kuendelea na kazi yake hadi siku ya ishirini.

Jioni hiyo ya mwisho Dorcas aliingiza taarifa zote kwenye kompyuta. Maombi yalikuwa yanafungwa baada ya siku mbili. Programu ilipofanya kazi bila kukwama, alipiga makofi.

"Mama, njoo uone!" alimwita mama yao, Tereza, aliyekuwa akishona kwa cherehani yake barazani. "Na kwenye ukurasa wa shukrani nimeandika jina la Paskazia. Huyu ni mtafiti mwenzangu."

Mama alicheka kwa furaha. Paskazia naye alijaribu kucheka, lakini moyo haukutulia.

Kesho yake asubuhi alimpelekea mama Rebeka kanga ambayo mama yake alikuwa ameishonea pindo. Mama Rebeka aliipokea, akamwangalia.

"Ile Ijumaa na Jumamosi hukuja, nikajua umesikia habari," alisema. "Ziwa lilichafuka kwa upepo, hakuna mtumbwi uliotoka. Siku mbili tulikaa bure, hatukuanika hata dagaa mmoja."

Paskazia alikumbuka alichoandika daftarini. Alikuwa ameandika saa ya kukauka ya dagaa ambao hawakuvuliwa! Akarudi nyumbani polepole. Angenyamaza, huenda hakuna ambaye angejua. Lakini jina lake lilikuwa kwenye ule ukurasa, na watu wa chuo wangeyaamini maneno yake.

Dorcas aliporudi kutoka kazini, alimkuta mdogo wake amekaa mlangoni, daftari likiwa mapajani.

"Dada, usitume maombi," alisema. "Siku mbili humu ni za uongo. Nilienda kucheza rede."

Alieleza yote. Dorcas alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na zile kumi na nane?"

"Ni za kweli."

"Nitajuaje, Paskazia?"

Swali hilo lilimuumiza kuliko fimbo. Machozi yakamtoka, lakini akajibu, "Twende tukawaulize wenyewe walioanika. Twende sasa hivi, jua halijazama."

Wakateremka mwaloni. Dorcas alishika daftari, akawauliza akina mama bila kuwaonyesha kilichoandikwa. Nao hawakuwa na kalenda; walikumbuka siku kwa matukio.

"Siku ya msiba wa mzee Luhende mvua ilitunyeshea," alisema mama Rebeka. "Dagaa walilala bila kukauka."

Dorcas alifungua ukurasa wa siku hiyo. Ulisema: "Mvua saa saba. Hawakukauka." Wakauliza siku ya harusi ya Maulida, wakauliza siku ya mawingu mazito. Kila walipogusa, daftari lilikubaliana na akina mama. Dorcas akashusha pumzi.

"Kumi na nane zinatosha," alisema. "Mbili nazifuta, na nitaeleza kwa nini."

Kabla usiku haujaingia, alipata wazo jingine. Programu yake haikuwahi kuuliza kama mitumbwi ilitoka. Akaliongeza swali hilo liwe la kwanza, halafu akatuma maombi yake siku moja kabla ya mwisho.

Baada ya wiki mbili usaili ulifanyika kwa njia ya kompyuta. Paskazia na mama yake walikaa barazani, wakasikia sauti ya mwalimu mmoja ikiuliza, "Andiko lako lilipanga siku ishirini. Mbona ni kumi na nane?"

"Siku mbili taarifa zake hazikuwa za kweli," alijibu Dorcas bila kusita. "Tulipogundua, tulizifuta na kuzihakiki zilizobaki kwa wanaoanika dagaa. Kosa hilo ndilo lililonionyesha swali nililokuwa nimelisahau."

"Vizuri," ilisema ile sauti. "Wengine hutuletea taarifa zisizo na pengo hata moja, na hapo ndipo tunapoanza kuwa na wasiwasi."

Barua ilikuja Agosti. Dorcas alikuwa amechaguliwa. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje.

Kabla ya kusafiri, Dorcas alimpa Paskazia daftari jipya. "Utafiti unaendelea. Utanitumia taarifa kwa simu ya mama."

"Lakini dada, shule zimefunguliwa. Nitaweza Jumamosi na Jumapili tu."

"Basi siku nyingine andika 'Sikuwapo'," alisema Dorcas, akimshika bega. "Kompyuta haijui uongo, mdogo wangu. Inaamini chochote tunachoipa, na watu wanaiamini. Kwa hiyo ukweli lazima uanze kwetu sisi. Pengo nitalishughulikia. Uongo ungewapoteza akina mama wote wa mwaloni."

Jumatatu iliyofuata, kabla ya kwenda shule, Paskazia alifungua ukurasa wa kwanza. Akaandika tarehe, na mbele yake, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Sikuwapo."