Nguzo Mbili za Chumba cha Kujifungulia

Fundi mwashi Kassimu alikuwa bado chini ya boriti Inspekta Darlène alipofika. Ni mkono wa kulia tu uliokuwa nje, umejaa vumbi la udongo.

Darlène alikuwa Kabambare kwa kesi ya mpaka wa shamba. Ofisi yake ilikuwa Kasongo. Wanaume wanane waliinua ile boriti ya zege, wakaulaza mwili juu ya turubai. Kifua kilikuwa kimepondeka. Kilichobaki cha zahanati mpya kilikuwa kuta tatu.

"Ilikuwaje?" akamwuliza Emile, msimamizi wa ujenzi.

"Nguzo mbili za chumba cha kujifungulia zimepasuka, Mama Inspekta. Zilitakiwa kuwa za zege. Kassimu alizijenga kwa tofali bichi."

"Na saruji?"

"Mutu akijenga na udongo, simenti yake iko wapi? Ameuza."

Darlène aliandika kwenye daftari: marehemu anashukiwa wizi wa saruji. Akayasoma maandishi hayo kwa sauti, kama ilivyo desturi, huku mjane Benita amekaa hatua tatu tu kutoka pale. Baadaye angeyajutia sana maneno yale.

"Bwana yangu haikuwa mwizi," Benita alisema bila kuinua macho. "Alijenga vile karatasi ilisema."

Stoo ikafunguliwa. Nyuma ya mabati kulikuwa na mifuko ya saruji, haijaguswa.

"Sita," Darlène alisema. "Nguzo mbili zinakula mifuko mingapi?"

Emile aliihesabu tena kwa kidole. "Sita."

Basi hakukuwa na mwizi. Darlène akaikunjua ramani ya jengo. Pembeni palikuwa na visanduku vya maelezo kwa Kifaransa: mistari ya mshazari yenye vitone ni zege; vijisanduku vilivyopangana ni tofali bichi. Kassimu hakujua kusoma, lakini michoro ile ya kujazia, inayoonyesha vifaa vya ujenzi, aliijua kama vidole vyake. Nguzo zote za zahanati zilikuwa na mistari ya mshazari. Mbili tu zilikuwa na vijisanduku.

"Hakushangaa?"

"Alishangaa," Benita akajibu. "Nikamwambia, uliza. Akasema, mimi ni nani ya kuuliza injenia?"

Kassimu alizikwa alasiri ileile. Kesho yake Darlène alipanda pikipiki kurudi Kasongo, siku nzima ya matope na madaraja ya magogo, ramani ikiwa kifuani ndani ya plastiki.

Mchora ramani aliitwa Magloire. Alipoambiwa, alikaa chini kabla hajaombwa.

"Haiwezekani. Nilisogeza zile nguzo mbili ili mlango uwe mpana, nikazijaza upya. Nilichagua zege."

"Nionyeshe."

Alifungua kompyuta, akachora mraba, akabonyeza neno "zege". Mraba ukajaa vijisanduku vya tofali bichi. Akabonyeza "tofali bichi". Ikaja mistari ya mshazari.

"Hukuitazama kabla ya kuichapa?"

"Sikuitazama. Mvua ilikuwa inakaribia. Niliituma Alhamisi, hata kikao cha Ijumaa cha kukagua ramani sikukingoja."

"Michoro hii unaitengeneza wewe?"

"Hapana. Ni Grégoire, wa karibu na msikiti. Sisi wachoraji tunamwagiza: mawe, mbao, tofali za hapa kwetu. Anaiandika kwa tarakimu, anatuletea faili. Hili lilikuja Jumanne ya wiki ile."

"Nani mwingine alipata faili hilo?"

"Naomie, mchoraji mwenzangu wa Bukavu. Siku ileile."

Darlène alimpigia Naomie, akamwomba ajaze mraba kwa zege. Wakasubiri.

"Ni mistari ya mshazari yenye vitone, Mama," Naomie alisema. "Kama siku zote. Kuna nini?"

Lingekuwa kosa la bahati mbaya, lingefika hata Bukavu.

Grégoire alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwembamba, mwenye kucha safi. Darlène aliweka ramani mezani.

"Faili la Magloire na la Naomie uliyatuma siku moja?"

"Ndiyo."

"La Naomie ni zima. Kwa nini la Magloire majina mawili yamebadilishana?"

"Labda nilichoka."

"Ulichoka kwa mtu mmoja tu?"

Grégoire aliisogeza ramani pembeni.

"Fundi Kassimu amekufa, ameacha mke, Grégoire."

Alifunika uso kwa mikono miwili. Alipoanza kusema, alisema moja kwa moja.

Mama yake, Dieudonnée, alikuwa msukaji wa mikeka. Grégoire alitumia miezi mitatu kugeuza msuko wa mama kuwa mchoro wa kujazia, kwa ajili ya dari ya ukumbi wa parokia. Siku ramani ya ukumbi ilipoonyeshwa, Magloire alisimama mbele ya watu akasema, "Msuko huu nimeubuni mwenyewe." Wakampigia makofi. Mama alikuwa kwenye benchi la nyuma.

"Nyumbani aliniuliza: basi wewe, mutoto wangu, miaka hii yote unafanyaka nini? Alidhani nilimdanganya."

"Ukabadilisha majina."

"Nilitaka Magloire aaibike kwenye kikao cha Ijumaa. Wangeona nguzo za udongo, wangecheka, basi. Sikumtakia mutu kifo."

"Ulijua lini kwamba ramani imeshakwenda Kabambare?"

Hapo ndipo alipolia.

"Ijumaa yenyewe."

"Nguzo zilijengwa wiki iliyofuata. Ulikuwa na namba ya Magloire?"

"Nilikuwa nayo. Kila asubuhi nilishika simu. Niliona haya kusema nilichofanya."

Aliweka sahihi kwenye maelezo yake.

Wiki ileile Darlène alirudi Kabambare, ingawa mjumbe angetosha. Mbele ya Emile na majirani alisema kwamba Kassimu hakuiba, na kwamba yeye mwenyewe alikosea kuandika. Kisha akamweleza Benita yote, pamoja na ile simu ambayo haikupigwa.

Benita alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mutu alimjua Kassimu?"

"Hapana, mama. Hawakuonana hata siku moja."

Benita alikunja ncha ya kanga yake.

"Heri wangekuwa na ugomvi," alisema.