Bakuli la Kitanda cha Tisa

Mama Sinia hakuwa na vitu vingi. Hakuwa na ofisi. Hakuwa na kiti. Katika jiko la hospitali alikalia debe lililofunikwa gunia. Hakuwa na cheo cha kuandikwa mlangoni. Hakuwa na cheti, kwa maana kusoma alijifunzia ukubwani, katika darasa la jioni, akiwa na mimba ya mtoto wa tatu. Hakuwa na msaidizi anayemwamini. Tena, hakuwa na sura ya mgonjwa hata mmoja kichwani mwake. Miaka kumi na minane alipanga masinia ya chakula, asiwahi kuingia wodini saa ya kula. Yeye alikuwa mtu wa dirishani. Masinia yalitokea dirishani yakiwa yamejaa, yakarudi dirishani yakiwa matupu.

Kitu kimoja alikuwa nacho, nacho kilimtosha. Lilikuwa daftari lenye jalada la bluu, limefungwa kwa kamba ya kiatu aliyopewa na mumewe, fundi viatu. Daftari hilo lilikaa mfukoni mwa aproni yake, na hakuna mtu mwingine aliyeligusa. Humo aliandika wagonjwa wote wa wodi ya wanaume, si kwa majina, bali kwa vitanda. Tatu, bila chumvi. Saba, bila sukari. Tisa, laini. Kumi na nne, mkate.

"Laini" maana yake ni uji mzito tu. Ni chakula cha mgonjwa ambaye koo lake halimezi vizuri. Mgonjwa huyo akipewa kitu kikavu, kinaweza kumpalia na kumziba pumzi.

Wapishi wenzake walimtania kwamba daftari lile ni mume wa pili. Alijibu kwamba afadhali huyo wa pili, maana hakoromi.

Jumatatu moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Sinia alikuwa akikoroga sufuria kubwa kwa mikono miwili. Jasho lilimwingia machoni. Mfagizi wa wodi akatokea dirishani. Mfagizi huyo walimwita Upepo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Mama, bomba limepasuka kule pembeni," alisema. "Tisa tumemhamishia kumi na nne."

"Nimesikia," alijibu Mama Sinia, bila kuinua uso.

Upepo akarudi kwenye maji yake. Mama Sinia akaendelea kukoroga. Alikusudia kuandika mara tu uji utakapoiva. Uji uliiva, maziwa yakaanza kufurika kwenye jiko la pili, akayakimbilia. Kisha toroli ikafika. Akafungua daftari, akapanga masinia kama lilivyosema. Tisa, bakuli la uji. Kumi na nne, chai na vipande viwili vya mkate. Mhudumu mgeni akaisukuma toroli hadi wodini, akagawa kwa namba.

Nusu saa ilipita. Toroli ikarudi. Mama Sinia alianza kutoa vyombo, huku akiimba kidogo. Mkono wake ukakuta bakuli zito. Akatazama. Lilikuwa bakuli la kitanda cha tisa, limejaa hadi ukingoni. Uji ulikuwa umepoa, na juu yake umefanya utando.

Wimbo ukamkatika mdomoni. Akayasikia tena maneno ya Upepo, moja baada ya jingine. Hakuwa ameyaandika. Ndipo akasikia viatu vikikimbia ukumbini, na sauti ya Sista, muuguzi msimamizi wa wodi, ikiita daktari.

Mgonjwa aliyehamishwa kutoka kitanda cha tisa alikuwa mzee fundi saa. Kiharusi kilikuwa kimemwondolea sauti na kuulegeza upande wake wa kulia. Alikuwa na njaa. Aliona mkate mbele yake, akautia kinywani kwa mkono wa kushoto. Ukampalia. Sista alimwahi, akamtoa tonge kooni, lakini chakula kingine kilikuwa kimekwisha kuingia kifuani. Adhuhuri alihamishiwa chumba cha uangalizi. Hakuna aliyejua kama atapona.

Siku hiyo ilitangazwa kwamba Mganga Mkuu atawaita wahusika wote Alhamisi, ajue kosa ni la nani. Kila mtu akaanza kuumauma maneno. Sista alikifungia kitabu chake kabatini. Mhudumu mgeni alilia chooni. Upepo alipita dirishani mara tatu bila kusalimia. Mama Sinia akaelewa kwamba Upepo pia anaogopa, na kwamba hajasema alimwambia nani. Katika hospitali nzima, watu wawili tu walijua kuhusu lile "nimesikia."

Jumanne mchana, mwanamke mwenye khanga iliyofifia alikuja dirishani kuomba maji ya moto. Alikuwa binti wa fundi saa. Hakujua anaongea na nani. Alisimulia kwamba nyumbani saa zote za baba yake zimesimama, kwa kuwa hakuna anayejua kuzitia ufunguo kwa zamu yake. Alisema hataki ugomvi na mtu. Kisha akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe:

"Nani alijua kwamba baba amehamishwa? Hilo tu ndilo ninalotaka kuambiwa."

Mama Sinia alimjazia chupa. Maji ya moto yakamwagikia kidole. Hakusikia maumivu.

Jioni alipofika nyumbani, jua lilikuwa bado lipo. Mumewe alikuwa kibarazani, ana misumari midogo mdomoni, anagonga soli. Mama Sinia alipita bila kusema, akachochea jiko la mkaa, akalitoa lile daftari. Alifungua ukurasa wa Jumatatu. Tisa, laini. Kumi na nne, mkate. Aliushika ukurasa kwenye pembe yake.

Mumewe akatema misumari kiganjani. Aliuliza kuna nini. Akaelezwa yote, hadi lile "nimesikia." Mama Sinia alisema wakijua watamfukuza, labda watampeleka hata polisi. Alisema mtoto wa mwisho bado yuko shule. Alisema ukurasa ni mmoja tu, na karatasi huungua upesi.

Mumewe hakuwa mtu wa maneno.

"Mke wangu," alisema, "ukilichoma daftari, kesho mgonjwa wa kitanda cha tatu utajuaje kwamba hali chumvi?"

Akarudisha misumari mdomoni, akaendelea kugonga. Lakini aligonga polepole, na soli ile aliipigilia kombo, jambo ambalo si kawaida yake. Mama Sinia akalirudisha daftari mfukoni. Hakupata usingizi.

Jumatano asubuhi hakwenda jikoni moja kwa moja. Alipitia chumba cha kumbukumbu, kwa karani waliyemwita Miwani. Alikuwa kijana mpole, mwenye vioo vinene, aliyejua kila jalada lilipo. Mama Sinia alifunga mlango, akaweka daftari mezani, akasema lote kwa pumzi moja. Alimaliza kwa kumwuliza kama hukumu yake ni jela.

Miwani alimvutia kiti. Kisha akatoka, akarudi na jalada la daktari na kitabu cha Sista, ambacho Sista alikitoa shingo upande. Yale yaliyokuwa kwenye ubao wa vyakula ulioko wodini alikuwa ameyanakili kwenye karatasi. Akavipanga vyote pamoja na lile daftari.

"Shangazi, soma," alisema.

Mama Sinia akasoma kwa kidole. Jalada la daktari lilisema fundi saa ale laini, lakini halikutaja kitanda. Kitabu cha Sista kilisema amehamia kumi na nne, lakini hakikutaja chakula. Ubao ulikuwa bado una mkate kwa kumi na nne, kwa ajili ya mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani Jumapili. Nalo daftari lilisema kama ubao.

"Hakuna aliyedanganya," alieleza Miwani. "Kila mmoja alikuwa na kipande, akakaa nacho. Daktari aliandika akadhani basi. Sista vilevile. Upepo alisema akadhani basi. Wewe ulisikia ukadhani utakumbuka. Habari hiyo ilikuwa ya wote, shangazi, na kila mtu aliitunza kama mali yake."

Mama Sinia alihisi uso ukimwaka moto, maana alikumbuka jinsi alivyojivunia daftari lile. Akauliza dawa yake ni nini.

Miwani alimweleza. Hospitali ilikuwa imeletewa tableti nne, zile kompyuta bapa za kubonyeza kwa kidole, na zilikuwa bado kwenye maboksi, zinapata vumbi. Ndani yake inawezekana kuweka orodha moja ya wagonjwa na vyakula vyao. Daktari akiibadilisha akiwa chumbani mwake, saa hiyohiyo jikoni wanaona. Kila badiliko linaacha jina la aliyelifanya na saa aliyolifanya. Lakini alionya kwamba chombo peke yake hakitaponya mtu. Watu wasipoandika, orodha itaoza kama ubao ulivyooza.

"Nani ataruhusiwa kuandika?" aliuliza Mama Sinia.

"Kila anayegusa kazi. Hata Upepo."

Alhamisi walikaa mbele ya Mganga Mkuu, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini iliyoogopesha kuliko kelele. Alisoma karatasi zake, kisha akauliza nani jikoni alipata habari ya kuhamishwa. Upepo alitazama vidole vya miguu yake. Mama Sinia alijua kwamba akinyamaza, hakuna wa kumfikia.

Akasimama.

"Mimi niliambiwa," alisema. "Niliambiwa na huyu, akaniambia vizuri. Sikuandika."

Upepo akainua kichwa. Sista akasema kwamba yeye alipaswa kupiga simu jikoni, hakupiga. Daktari akakohoa, akakiri kwamba ubao ule hakuutazama wiki nzima. Upepo naye akasema la kwake.

"Mheshimiwa, vitanda ninavihamisha mimi miaka yote. Sijawahi kuulizwa neno, isipokuwa ufagio uko wapi."

Hakuna aliyecheka. Mganga Mkuu alimpa Mama Sinia onyo la maandishi, na waliosalia nao wakapata sehemu yao. Kisha akamwuliza Miwani zile tableti zinangoja nini.

Wakaanza. Kwanza walikubaliana maneno. "Laini" iwe na maana moja kwa wote. Mgonjwa aandikwe kwa jina na namba yake ya hospitali, na kitanda kifuate baadaye. Anayehamisha mgonjwa aandike kabla hajaondoka hapo. Anayeambiwa jambo na hawezi kuandika aseme hivyo waziwazi, ili msemaji aandike mwenyewe. Jibu la "nimesikia" likapigwa marufuku. Anayeona kosa alitilie alama na amwulize mwandishi, wala asikaripiwe. Umeme ukikatika, itumike karatasi iliyochapwa yenye saa juu yake, na ile ya zamani ichanwe.

Tableti ya jikoni ilitundikwa kando ya dirisha, ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvuke. Siku za kwanza Mama Sinia aliigusa kama anayegusa sufuria ya moto. Kila alipobonyeza aliogopa amefuta wagonjwa wote. Siku ya tatu alikuta mgonjwa mmoja ameandikwa laini, na chini yake mkate. Alisimama mbele ya kioo cha tableti dakika nzima. Nani yeye wa kumsahihisha daktari? Akatia alama ya swali. Haikupita dakika tano daktari akapiga simu. Alisema mkate alisahau kuufuta, akamshukuru.

Wiki ya sita, asubuhi, sinia la mkate la kitanda cha tano lilikuwa tayari kwenye toroli. Mama Sinia akatazama orodha mara ya mwisho, kama alivyojizoeza. Mstari mmoja ulikuwa umebadilika dakika mbili zilizopita. Mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji alikuwa amehamishiwa kitanda cha tano, wala haruhusiwi kula kitu. Mwandishi: Upepo. Akaliondoa lile sinia. Kisha akaisoma orodha yote upya, kuanzia juu.

Fundi saa alipona, lakini si kamili. Alirudi nyumbani akiwa mwembamba, bila sauti. Hospitali iliiandikia familia yake kwamba palitokea kosa la utaratibu. Mama Sinia alipousikia usemi huo, alikumbuka lile swali la dirishani. Halikuwa limejibiwa.

Akaomba ruhusa ya kuandika barua yake mwenyewe. Mganga Mkuu alimtahadharisha kwamba barua ile inaweza kuonyeshwa kwa wakili, na kazi yake ikawa hatarini tena. Mama Sinia alisema amekwisha kulifikiria hilo, na kwamba anaogopa. Akaandika hata hivyo, juu ya ukurasa mtupu wa daftari la bluu.

"Mwanangu, mimi ndiye mwanamke uliyemwomba maji ya moto. Uliuliza nani alijua. Mimi nilijua. Niliambiwa kwamba baba yako amehamishwa, nikasema nimesikia, nisiandike. Wenzangu wana sehemu zao, lakini hii ni yangu. Sasa tunaandika pamoja, na wote tunaona. Nilitaka ujue kwa mkono wangu."

Aliweka jina lake kamili, alilopewa na wazazi wake, ambalo jikoni hakuna aliyelijua. Akaukunja ukurasa. Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekauka, haikushika. Alitazama huku na huku. Kisha akachovya kidole kwenye sufuria, akapaka uji mzito ukingoni mwa bahasha, akaubana kwa kiganja mpaka ukashika.

Upepo alikuwa dirishani, anakwenda posta na barua za ofisi. Mama Sinia akamkabidhi.

"Usichelewe," alimwambia.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, watu walimwona Upepo akikimbia.