Sauti Iliyoitika Mnarani

Redio ya mnara ilianza kunuka. Haikuwa harufu ya waya kuungua, bali ya nywele zilizolowa zikaachwa kuvunda. Mwongozaji wa ndege alifungua dirisha, akamwita fundi. Fundi alinusa, akauliza kama dada kabadilisha mafuta ya kichwa, kisha akafungua mashine, akaisafisha, akairudisha. Hakuona ubovu.

Adhuhuri hiyo wingu zito lilishuka hadi kwenye paa za maghala. Ndege ya mizigo ilikuwa inasubiri kuruka. Nyingine ndogo ilikuwa inarudi, na rubani wake alikuwa mdogo wake mwongozaji, kitindamimba wa mama yao.

Kazini kwao amri haihesabiwi kuwa imefika mpaka rubani airudie. Akishairudia, mwongozaji humgeukia mwingine. Basi akamwambia mdogo wake asishuke mpaka aitwe.

"Nabaki juu ya wingu, dada."

Hewani hakuwahi kumwita dada. Alimwita mnara, kama marubani wote. Mwongozaji akatabasamu. Akairuhusu ndege ya mizigo iruke.

Fundi akapanda ngazi akihema.

"Dada, mdogo wako anaita kwenye redio ya akiba huko chini. Anasema mnara umenyamaza zamani. Mafuta yamemwishia, anashuka."

Mwongozaji alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili akamwambia mdogo wake apande, apande sasa hivi, na sauti ileile ikamjibu kwa upole, napanda, dada, napanda, na nyuma yake kitu kikicheka polepole kama mtu aliyeshiba, na ile harufu ikamjaa mdomoni, na sauti bado ilikuwa inasema napanda wakati wingu juu ya njia ya kurukia lilipogeuka jekundu kwa moto.

Mganga alikuja, akafukiza chumba, akasema jini lile linaishi kwa kuitwa. Wasilisemeshe, litaondoka lenyewe. Redio ikang'olewa, ikafungiwa stoo. Lakini mama alikuwa amesikia habari za ile sauti. Akambembeleza fundi kwa machozi mpaka fundi akashindwa kumnyima.

Jioni moja mwongozaji alirudi nyumbani, harufu ikampokea mlangoni. Mama alikuwa ameketi kitandani, redio mapajani kama mtoto, waya wake ukining'inia bila kuchomekwa popote.

"Mama, usiongee nalo," alinong'ona. "Nakuomba."

Mama hakugeuka.

"Wewe uliongea naye mpaka mwisho. Mimi sikupata hata neno moja."

"Hakuwa yeye, mama."

"Ulimwambia akae juu. Mpaka leo yuko huko, baridi inampiga." Akakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Shuka, mwanangu. Mama yako nipo nyumbani."

Redio ikakoroma kidogo.

"Nashuka, mama."

Juu ya bati, kitu kizito kikakanyaga.