Mwantumu Hakula

"Kula, Mwantumu. Ini hilo, nimekuletea likiwa la moto."

"Mbuzi katoka wapi, shangazi?"

Shangazi Zamda akajifanya anatafuta chumvi. Mimi nilikuwa kitandani, mguu wa kulia umefungwa plasta kutoka pajani mpaka kisigino. Nje wazee walikuwa wanacheka kile kicheko cha watu waliokaa mbele ya nyama.

"Shangazi, nimeuliza. Baba hana mbuzi."

"Kaletwa na Mzee Isihaka. Amekuja kutoa pole."

Pole! Miezi miwili nimelala hospitali, hakuniletea hata chungwa moja. Leo nimerudi nyumbani ndiyo anakuja na mbuzi. Mzee Isihaka ndiye mwenye basi lililopinduka na kunivunja mguu pale Makuyuni, basi lililoandikwa POLEPOLE juu ya kioo cha mbele, na polepole yenyewe iliishia kwenye rangi.

Kwetu Mazingara kila mtu anajua mbuzi wa pole ni nini. Aliyekosa anamleta, wazee wanakula, aliyekosewa naye anakula, na neno linaishia hapo. Ukishameza tonge huna tena mdomo wa kudai.

"Iondoe hiyo sahani, shangazi."

"Mwanangu, baba yako ameshakula."

"Kwani mguu ni wa baba?"

Akashika kichwa. Akatoka. Nikadhani yamekwisha, kumbe wamemtuma mtu mwingine, na walijua wanamtuma nani. Hiza akasimama mlangoni na sahani ileile mkononi.

Hiza ni mpwa wa Mzee Isihaka, ndiye aliyekuwa dereva siku ile. Na Hiza ni mtu niliyempenda miaka mitatu, tangu nianze kufundisha kisomo cha watu wazima na kwenda Korogwe kuchukua vitabu. Kila safari aliniwekea kiti cha mbele, karibu na injini, na mimi nilikuwa naona joto la injini ile kama la jiko la mama.

"Hujambo, Mwantumu?"

"Unaniona."

"Wazee wanasema ule. Japo kipande."

"Na wewe unasemaje?"

Macho yake yalikuwa kwenye plasta.

"Hiza, nitazame usoni. Nikila hii nyama, ina maana basi halikukosa. Ina maana nimevunjika mwenyewe. Unataka nile?"

"Sitaki."

"Basi irudishe. Na uwaambie wote kwa sauti, asije mtu akasema hakusikia."

Nilidhani ataiweka chini na kuondoka. Hiza akageuka, akatoka nje, na kicheko cha wazee kikakatika.

"Wazee wangu, shikamooni," nikamsikia. "Sahani hii hapa. Mwantumu hakula."

Sauti ya baba yangu, Mzee Mdoe, ikapanda.

"Binti huyu ananivua nguo mbele ya watu!"

"Tulia, Mdoe," akasema Mzee Isihaka, sauti yake laini ya mtu aliyezoea kupewa kiti. "Ana hasira za maumivu. Na tusichimbue sana, maana abiria wanasema alikaa mbele anapiga soga na dereva. Dereva akizungumzishwa, gari litakwenda wapi? Lakini mimi sina kinyongo. Nitamwoza kijana wangu huyu. Mahari juu yangu. Mguu ule nani mwingine ataupokea?"

Miaka mitatu nilikuwa nikiota posa ile. Ikaja siku ile, mbele ya mifupa ya mbuzi, imefungwa pamoja na tusi. Nililia, sitaki kusema uongo. Kisha nikapiga kelele kutoka kitandani mpaka shangazi akaja mbio.

"Mwambieni Mzee Isihaka mimi si bati la basi lake, alinyooshe kwa nyundo halafu alipake rangi! Mume nitamtafuta mwenyewe. Mguu wangu ataulipa!"

Toka siku hiyo kijiji kizima kikawa na kazi moja, kunisema. Kisimani, dukani, hata kwenye kisomo changu, ambacho sasa nilikifundishia kitandani. Mwantumu ndiye aliyeangusha basi, alikuwa anachekacheka na dereva. Bibi Tatu, mwanafunzi wangu mwenye miaka sitini, aliniuliza waziwazi huku akiandika jina lake:

"Mwalimu, ni kweli ulimshika mkono akiwa anaendesha?"

"Andika, bibi. Herufi yako imelala."

Ndiyo maana niliandika barua. Redioni nilisikia kwamba wako mawakili Dar es Salaam wanaosaidia wasio na uwezo. Nikaandika kurasa nne, sikuficha kitu, hata Hiza nilimtaja. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu:

"Ndugu Mwantumu, barua yako tumeipata. Tutakusaidia, na hutatulipa chochote. Fomu ya polisi na karatasi za hospitali zifunge pamoja, usimpe mtu. Usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yoyote ya mwenye basi. Basi lile lina bima kwa sheria, na bima ndiyo itakayolipa, si mfuko wa dereva. Lakini bima hailipi mpaka mahakama iseme kosa ni la basi. Sasa nijibu kweli: ile nyama ulikula? Serafina, wakili."

Nikamjibu kwa mstari mmoja: "Sikula hata mchuzi."

Plasta ilitolewa, mguu ukaonekana mfupi kuliko mwenzake. Daktari akasema sitalima tena, na kutembea ni kwa magongo, baadaye fimbo, maisha yote. Shamba ndilo lililokuwa linatulisha. Kisomo nilifundisha kwa kujitolea.

Mwezi Machi mwaka 1977 ikaja simu ya maandishi kutoka posta Handeni: "KESI JUMATANO TAREHE 9 KOROGWE SAA TATU. NJOO NA MAGONGO. SERAFINA."

Jumanne nikashuka Mkata kungoja basi, mimi na shangazi. Baba alikataa kuja. Tukiwa kando ya wauza mihogo, Hiza akatokea. Alikuwa amekonda. Shangazi akakumbuka ghafla kwamba anataka kununua nazi, akatuacha.

"Mjomba amenipanga niwe shahidi wake," akasema Hiza. "Wakili wake, Ponsiano, amenifundisha maneno."

"Maneno gani?"

"Kwamba ulikuwa unanizungumzisha. Kwamba breki zilikuwa nzima."

"Zilikuwa nzima?"

Akageuka kuwatazama wauza mihogo.

"Hiza, mimi sitaki ufungwe. Bima ndiyo italipa. Ila mtu lazima aseme kweli kwanza."

"Yule mzee amenilea tangu nikiwa na miaka sita, Mwantumu. Amenipa usukani. Nikisema la breki, basi linawekwa chini, leseni yangu inakwenda, na kwake sirudi."

"Na usiposema, mimi nitaitwa mwangusha basi mpaka nizikwe."

"Kuna njia nyingine. Nikuoe. Twende kwa shehe leo hii. Nakupenda, unajua."

"Najua. Na mimi nakupenda, Mungu anisamehe. Lakini ukinioa leo, kesho watasema nimelipwa mume. Kila nikichechemea uani utakuwa unaona deni lako. Sitaki kuwa hivyo ndani ya nyumba yangu."

"Sasa wewe unanipenda au unanishitaki?"

"Vyote viwili. Mikono ninayo miwili."

Akacheka kidogo, kwa uchungu. Basi la Korogwe likaja. Hakunishika mkono kunipandisha, kwa sababu nilimkataza kwa macho. Nilipanda mwenyewe, na magongo yangu, kondakta akipiga kelele kwamba nawachelewesha.

"Subiri!" nikamwambia. "Haraka yenu ndiyo iliyonifanya hivi."

Mahakamani nilimkuta Ndugu Serafina, dada mwembamba wa kutoka milimani, ana miwani na sauti ndogo. Moyo wangu ukashuka. Nilitarajia mtu wa kunguruma. Ponsiano alikuwa na tumbo na koti, na alianza na mimi.

"Binti, ulikaa kiti cha mbele?"

"Ndiyo."

"Karibu na dereva?"

"Ndipo kiti kilipo."

"Na ulikuwa unamzungumzisha?"

"Ndiyo."

Watu wakaguna. Mzee Isihaka akajifuta uso kwa kitambaa, ameridhika.

"Ulimwambia nini? Ieleze mahakama bila aibu."

"Nilimwambia apunguze mwendo. Mara mbili."

Wengine wakacheka, hakimu akagonga meza. Ponsiano akabadilisha mguu wa kusimamia.

"Mzee Isihaka alileta mbuzi nyumbani kwenu?"

"Alileta."

"Akaliwa?"

"Akaliwa."

"Kwa mila zenu, mbuzi wa pole akiliwa shauri limekwisha. Sivyo?"

"Akiwa ameliwa na aliyeumia. Mimi sikula. Waliokula walikuwa na njaa, na miguu yao ni mizima."

"Nani atathibitisha kwamba hukula? Baba yako mwenyewe alikula!"

Nikamtazama shangazi. Shangazi angesimama, lakini shangazi ni wangu, wangesema ananibeba. Ponsiano akatabasamu, akakaa. Zamu yake ilipofika akamwita shahidi wake, Hiza.

Hiza akaapa kwa Kurani. Akasimama ameshika ukingo wa kizimba.

"Ulikuwa unazungumzishwa na mdai, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo. Alisema nipunguze mwendo."

"Shahidi, kumbuka tulivyo..." Ponsiano akajikata mwenyewe. "Na breki zilikuwa nzima?"

Hiza akamtazama mjomba wake. Mzee Isihaka akatikisa kichwa polepole, mara moja tu, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse moto. Nilimwonea Hiza huruma siku ile kuliko nilivyowahi kujionea mwenyewe.

"Hazikuwa nzima. Nilimwambia mjomba siku tatu kabla. Akasema tumalize wiki kwanza, abiria ni wengi."

Mahakama ikavuma. Ponsiano akasema hana swali tena. Ndipo Ndugu Serafina akainuka na ile sauti yake ndogo.

"Ndugu Hiza, breki ulijua ni mbovu. Kwa nini ulikwenda mbio?"

Hiza akaachia ukingo wa kizimba.

"Kulikuwa na basi jingine mbele, nikataka kulipita. Si kwa sababu ya abiria. Huyu alikuwa amekaa pale." Akaninyooshea kidole. "Nilitaka anione ninavyoendesha. Aliposema nipunguze nikaongeza. Kosa ni langu na la basi. Yeye hana kosa lolote."

"Swali la mwisho. Ile sahani ya nyama, unajua lolote?"

"Niliirudisha mimi. Ini lilikuwa zima, hakuligusa. Nikawatangazia wazee wote. Na mjomba alikuwepo, alisikia."

Nilifunika uso kwa kanga. Walidhani nalia kwa uchungu wa mguu. Nilikuwa nalia kwa sababu yule mpumbavu aliniangusha kwa kunipenda, na akasimama mbele ya watu akalisema hilo, wakati uongo ungemgharimu kidogo kuliko kweli.

Hukumu ilitoka baada ya mwezi. Hakimu akasema mbuzi hawezi kufuta shauri la mtu ambaye hakumwonja, na kwamba bima ilipe. Nilipata cha kununulia cherehani na bati za nyumba, na zaidi ya hapo. Hiza alinyang'anywa leseni miaka miwili, na sanduku lake akalikuta nje ya nyumba ya mjomba wake, chini ya mvua.

Akapotea. Miezi mitano sikusikia kitu. Nikakaa barazani kwangu nashona sare za shule, nikijiambia nimeshinda. Nimeshinda, ndiyo, lakini usiku mtu halali na hukumu. Hata Bibi Tatu aliona.

"Mwalimu, uzi umekatika zamani, wewe unakanyaga tu."

Siku moja asubuhi nikasikia hodi. Hiza, viatu vimejaa vumbi, mikono ina malengelenge ya kukata mkonge mashambani Korogwe. Nyuma yake kamba, na kwenye kamba mbuzi jike mweusi, mnene.

"Hodi, Mwantumu."

"Mbuzi wa nini huyo?" Sikumkaribisha hata kiti.

"Si wa pole. Shauri limeshakatwa."

"Nimekuuliza wa nini."

"Wa posa. Nimemnunua kwa jasho langu, mjomba hajui. Ukimkataa nitamrudisha kwa mguu, nimeshazoea kurudisha vitu vyako."

"Mguu wangu ni mfupi, Hiza. Hautarefuka."

"Nitatembea taratibu."

"Sasa ndiyo unajua kutembea taratibu!"

Akacheka, nami nikacheka mpaka cherehani ikayumba. Nikamwambia amfunge mbuzi kwenye nguzo, aende akamwone baba, na asimseme mjomba wake vibaya mbele yangu, maana mzee yule alimlea.

Harusi ilikuwa mwezi wa Oktoba. Baada ya shehe kumaliza, nilikuwa chumbani na wanawake, mikono ina hina, ikabidi nishangae. Nje kulikuwa kimya. Nyama imeiva, harufu imejaa uwanja, na hakuna sauti ya mtu anayekula.

Shangazi Zamda akaingia na sahani. Ini, la moto.

"Kula, mwanangu."

"Mbona kimya huko nje?"

"Toka ukaone mwenyewe."

Nikachukua fimbo mkono mmoja na sahani mkono mwingine, nikatoka. Wanawake wakasema bibi harusi hatoki, nikatoka. Wazee wote walikuwa wamekaa mikekani, masinia mbele yao, hakuna aliyegusa. Hiza alikuwa katikati yao na kanzu ya kuazima. Baba yangu akainua kichwa.

"Tunakungoja wewe," akasema. "Safari ile nilitangulia. Leo sitangulii."

Nikampa shangazi fimbo. Nikasimama kwa miguu yangu miwili, mrefu na mfupi, mbele ya wazee wote wa Mazingara. Nikachukua kipande kikubwa kuliko vyote nikatafuna, nikameza, wakiniangalia.

"Chumvi imepungua," nikasema. "Haya, kuleni."