Makopo Mawili ya Mchanga

Kila asubuhi kabla ya shule, Njiti na mama yake walimhamisha baba kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake cha magurudumu. Mama alimshika kwapani, Njiti akashika miguu, wakavuta pumzi na kumnyanyua. Baba alikuwa fundi rangi. Tangu aanguke kutoka kwenye ngazi akipaka ukuta wa ghala, miguu yake haikumsikia tena. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa mzima kabisa, lakini pale nyumbani hakuna aliyemruhusu hata kujimiminia chai.

"Tulia, Baba Njiti, usije ukajiumiza," mama alisema kila mara, na baba akatulia.

Shida ilianza mama alipobadilishiwa zamu. Alikuwa anafua shuka za hoteli, na sasa alitakiwa kazini jua halijatoka. Njiti peke yake hakuweza. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti, na hata mkanda wa begi la shule ulikuwa ukimteleza begani. Basi baba akawa anabaki kitandani mpaka mama arudi jioni.

"Dari hii niliipaka mwenyewe," alimwambia Njiti siku moja. "Unaiona ile kona? Niliiruka. Miaka yote sikuiona. Sasa ndiyo televisheni yangu."

Baba alicheka, lakini Njiti hakuweza kucheka. Alitoka nyuma ya nyumba akalia kwa hasira. Inauma sana kumpenda mtu na kushindwa hata kumketisha.

Katika nyumba ya jirani alikaa Kifua, kijana wa gereji aliyenyanyua vyuma uani kwake kila jioni, na aliyejua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Njiti akamwendea.

"Kaka, nikitaka mabega ya haraka nifanyeje?"

"Chukua kitu kinachokushinda, kipandishe juu ya kichwa, kila siku," alisema Kifua huku akijitazama mkono. "Ukisikia yanauma, ujue yanakua."

Ushauri ulikuwa wa bure, na haukuzidi bei yake. Njiti alichukua makopo mawili ya rangi ya baba, akayajaza mchanga mpaka mdomoni, akawa anayapandisha juu ya kichwa kila akitoka shule, mgongo umepinda na meno ameyauma. Bega la kulia lilipoanza kuuma, alifurahi. Lilipouma hata wakati wa kuchana nywele, hakumwambia mtu.

Asubuhi moja, mama akiwa ameshatoka, aliingia chumbani kwa baba.

"Baba, leo nakunyanyua mwenyewe."

"Acha, mwanangu. Tumsubiri mama yako."

"Nimefanya mazoezi. Nishike shingoni."

Baba aliitazama ile kona ya dari. Alitamani mno kukaa. Akamshika shingoni.

Njiti alivuta kwa nguvu zake zote. Baba aliinuka kidogo, kisha bega la Njiti likachoma kama limepigwa msumari, na wote wawili wakaporomoka sakafuni kati ya kitanda na kiti. Njiti alijitoa chini ya baba, akajaribu kumwinua, lakini mkono ulikataa. Alikimbia mlangoni akaita, akaita tena. Kifua alikuwa gereji. Majirani wengine nao walikuwa wameshatawanyika kwenye shughuli zao. Akarudi, akakaa sakafuni karibu na baba.

"Nilitaka ukae tu, baba."

"Najua, Njiti wangu."

Baba akaanza kulia, yule baba aliyekuwa akiimba juu ya ngazi. Njiti alimfuta machozi kwa mkono uliobaki mzima. Hawakuwa na la kufanya ila kusubiri, wakasubiri mpaka Kifua aliporudi mchana kula, akasikia sauti zao, akaja kumketisha baba. Njiti alipomweleza alivyoumia, kwa mara ya kwanza Kifua aliomba radhi.

Kesho yake mama aliomba ruhusa kazini, akampeleka Njiti zahanati, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mnene mcheshi ambaye wagonjwa walimwita Bi Nyoosha. Alilipapasa bega, akaligeuza taratibu.

"Hili linahitaji kupumzika. Nani alikwambia kuumia ni kukua?"

Njiti akaeleza yote. Bi Nyoosha alisikiliza, kisha akamgeukia mama.

"Na baba mwenyewe anafanya mazoezi gani?"

"Baba?" Mama alishangaa. "Yeye tunamtunza. Hata kikombe hanyanyui."

"Mikono yake ina tatizo?"

"Hapana," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Basi mama, mabega tunayoyatafuta si ya huyu mtoto."

Jioni Bi Nyoosha alikuja nyumbani. Alimpima baba, akamketisha ukingoni mwa kitanda, akamwaga mchanga wa makopo mpaka ukabaki wa chini kabisa. Alimwonyesha baba kuyainua makopo pembeni, mikono ikunjwe kidogo, yakome usawa wa bega, kisha yashuke polepole kuliko yalivyopanda. Halafu kuyasukuma juu kutoka mabegani, mgongo ukiwa wima. Alifunga tyubu ya baiskeli kwenye nondo za dirisha, baba aivute kuelekea kifuani, maana bega lina nyuma pia. Mwisho, baba aliweka ngumi kwenye godoro ajisukume mpaka makalio yaachane na kitanda.

Makalio hayakuachana na chochote. Jasho lilimtoka, na baba akalitupa kopo ukutani.

"Niacheni! Hata mtoto mchanga ananishinda."

"Misuli imelala tu," alisema Bi Nyoosha. "Leo basi, kesho pumzika, keshokutwa tena. Ukichoka ni sawa. Ukichomwa, acha."

Njiti, mkono ukiwa umefungwa shingoni, aliokota kopo, akazoa mchanga uliomwagika. Hakuwa na msaada mwingine. Ila Bi Nyoosha alimpa kazi moja: kila baba akiyazoea makopo, aongeze gao moja la mchanga, yaani kiganja kimoja, asizidishe. Na Kifua, bila majivuno safari hii, alileta ubao aliousugua ukawa laini, wa kuwekwa kati ya kitanda na kiti ili baba ateleze juu yake.

Wiki zilipita, makopo yakazidi kuwa mazito. Asubuhi moja, siku ya mapumziko ya mama, Bi Nyoosha aliuweka ule ubao. Baba akakandamiza ngumi. Njiti alinyoosha mikono amshike, Bi Nyoosha akamzuia.

"Wewe shika kiti kisisogee."

Baba alijisukuma, akasogea, akakwama. Mama alifumba macho. Baba alijisukuma tena, akaingia kitini kwa kishindo.

"Mmeona?" alisema Bi Nyoosha. "Nguvu haziji kwa pupa wala kwa kujiumiza. Na mtu tunayempenda tusimfanyie kila kitu, mpaka akasahau anachokiweza."

Mama aliitikia kwa kichwa huku machozi yakimtoka. Njiti akazunguka nyuma ya kiti ili asukume.

"Mlango tu, mwanangu," alisema baba, akishika magurudumu. "Nifungulie mlango. Ile kona nimeichoka."