Chungu cha Mzazi

Rafiki yangu Sidsel si mtu wa kuzua, na ndiyo maana kisa chake kinaninyima usingizi. Anafanya kazi kwenye jumba la makumbusho huku kwetu Jutland, lililojaa vyungu na sahani za Wadenishi wa miaka mia tatu nyuma. Majira yale ya baridi alikuwa ametoka kumzika mwanawe mchanga. Majirani walimkwepa, wasijue la kusema. Hakuna aliyebisha hodi hata na bakuli la uji.

Alasiri moja Ebbe, mpiga picha wao, akamwambia, "Dada Sidsel, niletee kile chungu chenye mfuniko, kile ambacho majirani wa zamani walikitumia kumpelekea uji mwanamke aliyejifungua."

Akashuka ghalani. Alipokishika tu, taa ikazimika. Gizani akasikia mfuniko ukigongagonga taratibu, kama wa chungu kilichoinjikwa motoni. Kisha kijiko kikakwangua ndani yake. Sidsel akakikumbatia kifuani, akalia kwa kwikwi mpaka taa iliporudi.

Alipokipandisha juu, Ebbe akakifunua. Ndani mlikuwa na vumbi kavu na buibui aliyekufa zamani.

"Haya, umekula nini huko chini bila kunikaribisha?" akamtania. "Hebu futa mdomo!"

Sidsel hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake. Akapitisha ulimi mdomoni. Akaonja uji wa shayiri, wenye siagi na chumvi kidogo, na bado ulikuwa wa moto.