Tanzia ya Mtu Aliye Hai

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nevena aliwasha jiko la kuni, akachemsha chai ya majani ya mlimani na kukata mkate. Zamani alikata vipande vitatu, sasa alikata viwili. Baba yake, Todor, alifariki majira ya baridi yaliyopita, na tangu siku ile mama yake, Zlatka, hakuvua nguo nyeusi.

Vuli ile mvua haikukatika katika mji wa Troyan. Mto ulipita ukiwa na rangi ya udongo, na moshi wa majiko ulilala juu ya mapaa kama mgonjwa. Hata hivyo, nyumbani kwao kulikuwa na jambo jipya. Mama alikuwa amepata kazi. Alikaa muda mrefu bila ajira baada ya nyumba ya utamaduni ya mji, alikokuwa akifanya kazi, kupunguza wafanyakazi, mpaka kampuni ndogo ya filamu, yenye vyumba viwili juu ya duka la matairi, ilipomchukua awe mtayarishaji.

"Mama, mtayarishaji hufanya nini hasa?" Nevena aliuliza huku akimmiminia chai. "Mwongozaji anaongoza, mpiga picha anapiga picha. Wewe je?"

"Umewahi kumtazama mama mwenye harusi? Wageni wanakula na kucheza, yeye hajakaa hata kitako. Gari lisipofika, anaulizwa yeye. Chakula kikipoa, anaulizwa yeye."

"Na kila kitu kikienda sawa?"

"Hapo sifa wanapewa wengine." Mama alitabasamu kidogo, kisha akageukia picha ya Mama wa Mungu ukutani, akafanya ishara ya msalaba. "Bado wananijaribu, mwanangu. Bwana Ognyan amenieleza wazi: filamu hii ikienda vizuri, nabaki. Ikiharibika, atatafuta mwingine. Basi tuombe."

Bwana Ognyan ndiye aliyekuwa mwongozaji na mwenye kampuni. Filamu yake ilihusu mzee aliyekufa huku watoto wake wakigombania nyumba. Mzee huyo aliigizwa na Babu Dobri, mpeleka barua mstaafu aliyeishi peke yake, na nyumba iliyopigwa picha ilikuwa hiyohiyo yake, yenye baraza la mbao kwenye mtaa wa mteremko.

Ilihitajika tanzia. Katika mji ule, mtu akifariki, wafiwa hubandika karatasi yenye picha yake na jina lake milangoni, kwenye miti na kituo cha mabasi, ili kila mpita njia ajue nani ametutoka. Karatasi hizo hakuna anayezichezea. Mama alipita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya kubandika tanzia ya uongo, na watu walimtazama kwa macho makali.

"Karatasi ya kifo mlangoni pangu, na hakuna aliyekufa?" jirani mmoja alimwambia. "Unaita balaa, Zlatka!"

"Kabla ya giza zitakuwa zimetoka zote, dada yangu. Nakupa neno langu."

Walikubali kwa sababu ya neno lake. Walijua ya kwamba yeye mwenyewe alikuwa na tanzia ya kweli mlangoni.

Ijumaa mchana karatasi zilibandikwa. Zilikuwa na jina la kubuni la marehemu wa kwenye filamu, lakini picha ilikuwa ya Babu Dobri. Mzee alisimama mbele ya mlango wake, akajitazama.

"Lo, nimependeza! Tangu nizaliwe majirani hawajanitazama hivi."

"Babu, vuta sikio, gonga mbao!" Nevena alimhimiza, maana ndivyo wanavyofukuza mkosi.

"Nimegonga tangu asubuhi. Mbao zote za baraza zimeomba radhi."

Kazi ilipokwisha, jenereta iligoma na Mama akabaki kuhangaika na fundi. Alimpa Nevena ndoo ya maji ya moto na kisu butu.

"Kwangua zote, mwanangu. Za milangoni, ya kwenye mti wa mkuyu, na ile ya kituo cha mabasi. Usiache hata moja."

Nevena alianza vizuri. Lakini mvua ilizidi, maji ya ndoo yakapoa, na vidole vyake vikafa ganzi. Alipomaliza ya kwenye mti, alitazama chini ya mteremko, kule kituoni. Kilikuwa mbali. "Mvua itaimaliza yenyewe," alijisemea. Akarudi nyumbani, akamkuta Mama ameshafika.

"Umetoa zote?" Mama aliuliza.

"Zote."

"Mungu akubariki. Leo umenisaidia kuliko wanaume wawili." Nevena aliinama kuvua viatu, asiangaliwe usoni.

Kesho yake, Jumamosi, walirudi nyumbani kwa Babu Dobri kupiga sehemu ya filamu ambayo marehemu alikuwa bado mzima. Kama kawaida, Mama alipita akihakikisha kila mtu amezima simu, hata Babu Dobri, isije ikalia katikati ya maneno. Mzee alikaa mezani mbele ya bakuli la supu ya maharage.

"Kimya!" Bwana Ognyan aliamuru. "Anza!"

Babu Dobri alinyanyua kijiko. Ndipo kilio kikasikika mtaani, kilio cha mwanamke mzee, kile cha kuimba sifa za maiti.

"Kaka yangu weee! Umeniachia nani, kaka yangu!"

Mlango ulisukumwa. Aliingia bibi mwenye kilemba cheusi. Kwa mkono mmoja alishika maua manne, maana kwao wafu hupewa maua kwa jozi, na kwa mwingine bakuli la ngano iliyochemshwa na sukari, ile ya kuwakumbuka marehemu. Alikuwa Bibi Stoyna, dada yake Babu Dobri, aliyekuja kwa basi kutoka kijijini kwake.

Alimwona kaka yake ana kijiko mdomoni.

Bakuli lilimponyoka likadunda juu ya zulia. Akashuka polepole ukutani hadi sakafuni, midomo imegeuka bluu. Babu Dobri alimkimbilia, Mama akamshikia kichwa, mtu akatafuta dawa yake ya moyo mfukoni mwake. Kwa muda mrefu Nevena hakusikia chochote ila mvua na pumzi ile nzito ya kikongwe.

Aliporudiwa na nguvu, alisema kwa sauti ndogo, "Jirani yangu wa kijijini aliona picha yako kituoni jana. Jina lilikuwa limefutwa na mvua. Nikakupigia simu usiku hukupokea, asubuhi imezimwa. Nikachemsha ngano. Nimekulilia njia nzima, Dobri."

"Usiku nililala mapema, dada. Sisikii vizuri, unajua."

Majirani walikuwa wamejaa barazani. "Tulisema!" yule jirani alipaza sauti. "Tulisema mnaita balaa! Iko wapi ahadi yako, Zlatka?"

Babu Dobri alivua koti la filamu, akalitupa kitini. "Mimi basi. Dada yangu akitoka hapa, natoka naye. Na nyumba yangu naifunga."

Bwana Ognyan alikuwa amekunja uso. "Zlatka, nyumba ikifungwa, filamu imekwisha. Na wewe pia. Ulisema zimetolewa."

"Zimetolewa!" Mama alisema. "Labda kuna mtu mwenye nia mbaya aliyeibandika tena. Mwanangu alizikwangua zote kwa mkono wake."

"Kwa hiyo jirani yangu ni mzushi?" Bibi Stoyna aliuliza. "Au mimi ndiye nimelewa?"

"Hapana, Bibi. Ila namjua mtoto wangu. Hanidanganyi." Mama alinyanyua mkono wa kulia. "Na ikibidi, naapa hapa mbele yenu, kwa kaburi la..."

"Mama, usiape!"

Watu wote waligeuka. Nevena alisogea katikati ya chumba.

"Ya kituoni sikuitoa. Nilisikia baridi, nikaona mbali. Nikakudanganya."

Mkono wa Mama ulibaki hewani, kisha ukashuka kama kitu kisicho chake. Hakumpiga, wala hakumfokea. Nevena angependelea apigwe. Mama alipiga magoti mbele ya Bibi Stoyna.

"Nisamehe, Bibi. Mtoto alisema uongo, lakini ahadi ilikuwa yangu. Nilipaswa kushuka kituoni nikaone kwa macho yangu. Sikwenda. Na ninyi majirani, nisameheni."

Bibi Stoyna alijiweka sawa ukutani. Alimwita Nevena kwa kidole.

"Njoo hapa, wewe. Unajua uongo wako ulifanya nini? Haukukaa kinywani mwako. Ulihamia kinywani mwa mama yako, na bado kidogo angeuapia. Anayekupenda ndiye anayeubeba uongo wako, maana yeye ndiye anayekuamini."

Nevena alilia. "Nisamehe, Bibi."

"Umenitia kaburini na kunitoa siku moja. Lakini umesema kweli ilipokuwa ngumu kusemwa. Zoa ngano hiyo, uwape ndege, chakula cha wafu hakitupwi." Kisha alimgeukia kaka yake. "Na wewe vaa koti lako. Nimekuja kwa basi kwenye mvua, sirudi kabla sijakuona ukila supu hiyo mpaka mwisho."

"Imepoa," Babu Dobri alinung'unika.

"Marehemu hachagui!"

Mtu mmoja alicheka, kisha wawili. Yule jirani hakucheka, lakini aliteremka barazani akaenda zake. Bwana Ognyan alimsogelea Mama. "Umekiri mbele ya mtaa mzima," alisema. "Mtu wa namna hiyo nitamtegemea. Lakini safari ijayo uangalie mwenyewe."

"Nitaangalia, bwana."

Jioni Mama na Nevena walishuka kituoni na ndoo ya maji ya moto. Picha ya Babu Dobri ilikuwa bado ipo pale, jina limekuwa michirizi ya wino. Nevena alikwangua, Mama akamwagia maji. Walifanya hivyo mpaka ukuta ulipokuwa mtupu.

"Mama, utaniamini tena?"

Mama alikamua kitambaa. "Si leo, Nevena. Siwezi kukudanganya nami. Kazi iliyobaki nusu humalizika ukirudi ukaimaliza, kama hivi. Imani hairudi mara moja, inajengwa siku kwa siku. Kesho nitakutuma tena, na nitakuja nyuma yako kuangalia. Keshokutwa pia. Ipo siku sitakuja kuangalia, na siku hiyo utajua mwenyewe."

Akainua ndoo, akampa mwanawe ashike upande mmoja wa mpini, wakapanda mteremko.